Sufuria Moja na Vitu Vinne: Hotuba kuhusu Chakula cha Nyumbani cha Kiayalandi

Wazee wetu waheshimiwa, akina mama na akina baba, ndugu zangu wote na watoto mliokuja na wazazi wenu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za jioni.

Kamati ya jumuiya yetu hapa Cork, kusini mwa Ayalandi, imeniomba nizungumze kuhusu chakula cha nyumbani cha wenyeji wetu, kile wanachokipika mvua inaponyesha, mgonjwa anapopata nafuu, au mtoto anaporudi kutoka mbali. Nimekubali kwa furaha, ila nitaanza na ombi ambalo najua litawagusa wapishi wengi walio humu ukumbini. Naomba kwa jioni hii tuiweke kando bizari, tuiweke kando tangawizi na pilipili, kwa sababu hoja yangu yote ni hii moja: chakula cha Kiayalandi kipikwe kwanza kama wenyewe wanavyokipika, bila kuongezewa kitu, na mtu akile hivyo mara tatu au nne kabla hajasema kwamba hakina ladha.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kukiongezea. Nilifika hapa mwezi wa Novemba, wakati ambapo giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na mvua hainyeshi kwa kishindo kama masika ya Tanga bali hurasharasha mchana kutwa mpaka ubaridi unaingia kwenye mifupa. Nikapata kazi ya kumhudumia mama mmoja mzee, mjane, nyumbani kwake. Siku ya pili akaniomba nimpikie mchuzi wa kondoo. Nikaupika kama nilivyofunzwa na mama yangu: nikakaanga vitunguu mpaka vikageuka rangi, nikatia saumu na tangawizi, nikaunga kwa nyanya na bizari, nyumba nzima ikanukia. Yule mama alikula, akanishukuru, kisha akanieleza kwa upole kwamba chakula kilikuwa kitamu sana lakini hakikuwa kile alichokiomba. Kesho yake alivuta kiti akakaa karibu na jiko, akanielekeza hatua kwa hatua, na niliyojifunza asubuhi ile ndiyo ninayowaletea leo.

Mchuzi wa kondoo wa Kiayalandi una vitu vinne: nyama ya kondoo, viazi, vitunguu na maji. Chumvi ipo, na pilipili manga kidogo ipo, na wengine hutia kijiti cha majani ya thaimu, lakini nguzo ni hizo nne. Nyama inayofaa ni ya shingo au ya bega, iliyokatwa pamoja na mifupa yake, kwa sababu mifupa na mafuta ndivyo vinavyoupa mchuzi uzito. Hapa hakuna kukaanga. Unapanga nyama chini, unafuatisha vitunguu vilivyokatwa vipande vikubwa, unafuatisha viazi, unanyunyiza chumvi, halafu unamimina maji yasiyofika juu kabisa, ili viazi vya juu viive kwa mvuke. Sufuria ikishachemka mara moja unaondoa povu, unapunguza moto na kufunika. Yule mama alinifundisha kusikiliza: mchuzi ukiwa katika moto wake unatoa sauti ndogo ya tone moja moja, kama paa linalovuja baada ya mvua kukatika, na ukianza kutokota kwa kelele nyama inakakamaa na maji yanakuwa na ukungu. Baada ya saa moja na nusu, au mbili ikiwa kondoo ni mkubwa, viazi vya chini vinakuwa vimeyeyuka na kuupa mchuzi uzito bila unga wowote, na vile vya juu bado ni vizima, vyeupe, vyenye harufu ya nyama.

Mtu akiuonja mchuzi huo siku ya kwanza, ulimi uliozoea pilau utatafuta kitu na kukikosa. Siku ya tatu atagundua kwamba kitunguu kisichokaangwa kina utamu wake, na kwamba nyama ya kondoo ina harufu ya majani ambayo sisi tumezoea kuifunika. Kondoo wa kisiwa hiki anakula nyasi mbichi karibu mwaka mzima, na harufu hiyo ndiyo wanayoitaka wenye chakula chao. Bizari inaizima, na hapo umepika chakula kingine.

Kuhusu karoti kuna ubishi wa siku nyingi. Wapo wanaoshikilia kwamba karoti haina nafasi katika sufuria hii, na wapo wanaoitia bila wasiwasi. Hapa katika mkoa wetu wa Cork, Bibi Myrtle Allen, aliyefungua mkahawa katika nyumba yake ya shambani ya Ballymaloe mwaka 1964 na kuwaonyesha watu kwamba chakula cha kijijini kinastahili meza ya heshima, aliutia karoti mchuzi wake. Mimi nami naitia, kwa sababu aliyenifundisha aliitia.

Neno moja kwa ndugu zangu Waislamu. Wageni wengi huonyeshwa mikahawani mchuzi wa nyama ya ng'ombe uliopikwa kwa bia nyeusi, wakaambiwa ndio chakula cha asili, na kwa sababu hiyo wengi wenu mmeogopa hata kuuliza. Huo ni mchuzi mwingine. Huu wa kondoo hauna kileo hata tone, na ukinunua nyama kwenye bucha la halali, utaupika sawasawa na bibi yeyote wa kijijini. Nitaongeza kwamba nyama ya kondoo mkubwa, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika zamani, leo ni adimu katika maduka makubwa, yanayouza mwanakondoo tu. Mimi nimeipata mara nyingi zaidi kwenye bucha la halali kuliko kwingineko.

Sasa nizungumzie viazi, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu huwezi kukielewa chakula hiki bila kujua viazi viliwafanyia nini watu hawa. Kabla ya viazi kufika kisiwani, mwishoni mwa karne ya 16, Waayalandi waliishi kwa maziwa, siagi, mtindi na uji wa shayiri na oti. Siagi waliipenda kiasi cha kuifukia katika ardhi nyeusi ya vinamasi ili isiharibike, na hadi leo wakata udongo hukuta mafungu ya siagi yaliyokaa humo mamia ya miaka, mengine maelfu. Viazi vilipokuja, mtu maskini aliweza kulisha familia kwa kipande kidogo cha ardhi ya kukodi, na kufikia miaka ya 1840 karibu theluthi moja ya watu walikuwa hawana chakula kingine cha kutegemea. Kibarua wa shambani alikula zaidi ya kilo 5 kwa siku, pamoja na maziwa yaliyobaki baada ya siagi kutolewa.

Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa ambao wakulima wa Njombe, Mbeya na Nyandarua wanaujua vizuri, ule unaochoma majani ya viazi na nyanya siku za ubaridi na unyevu, ambao mabwana shamba wetu huuita bakajani chelewa. Viazi vilioza ardhini. Njaa ile ilidumu hadi mwaka 1852; watu wapatao milioni 1 walikufa, na zaidi ya milioni 1 walipanda meli wakaondoka, baadhi yao wakipitia bandari ya Cobh iliyo jirani yetu. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Ile ya mwaka 1851 ilihesabu milioni 6 na nusu. Na katika miaka hiyo hiyo nafaka, siagi na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Cork yenyewe ilikuwa na soko la siagi lililoanzishwa mwaka 1770, likasifika kuwa kubwa kuliko yote duniani.

Kwa hiyo ukimwona mzee wa hapa anakwangua kiazi cha mwisho kutoka kwenye sufuria, au anavunjika moyo unapotupa kilichobaki, elewa kwamba kumbukumbu hiyo alirithishwa mezani. Yule mama niliyemhudumia hakuwa ameiona njaa ile, wala mama yake hakuiona, lakini alihesabu viazi kabla ya kuvipika, kila siku, kwa kidole.

Kupika kiazi, kwao, ni kazi yenye adabu zake. Wanapenda kiazi cha unga, kile kinachopasuka ngozi kikiiva na kuonyesha weupe wake, nao husema kwamba kiazi kinacheka. Hupikwa na ganda lake katika maji ya chumvi, kwa sababu kiazi kilichomenywa kabla hunywa maji na kupoteza ladha. Kikikaribia kuiva unamwaga maji karibu yote, unarudisha sufuria kwenye moto mdogo, na mwisho unakifunika kwa taulo safi la jikoni badala ya mfuniko, ili mvuke uingie kwenye kitambaa na kiazi kikauke. Mara ya kwanza nilidhani taulo lile ni la kuzuia vumbi. Nilipoligusa baada ya dakika tano lilikuwa limeloa na lina joto, na viazi chini yake vilikuwa vimekauka na kumeta kama vimepakwa chumvi.

Kutokana na viazi hivyo hutengenezwa colcannon, na nakiri kwamba katika vyakula vyao vyote hiki ndicho ninachokipenda zaidi. Jina linatokana na maneno ya Kigaeli, lugha ya asili ya Waayalandi, yanayohusu kabichi yenye kichwa cheupe. Unachemsha sukuma wiki au kabichi hadi ilainike, unaikamua vizuri na kuikatakata. Pembeni unapasha maziwa pamoja na vitunguu vya majani mpaka karibu yachemke, kwa sababu maziwa ya baridi huufanya mponde ushikamane na kunata. Unamenya viazi vingali vya moto, ukishikilia kwa uma, unaviponda kwa mkono, na nasisitiza kwa mkono, kwa kuwa mashine ya kusagia huvigeuza gundi. Unachanganya maziwa na mboga, unatia chumvi, unapakua kama kilima, kisha kwa mgongo wa kijiko unafanya shimo katikati na kuweka kipande kikubwa cha siagi. Siagi inayeyuka ikawa kisima cha rangi ya dhahabu, na anayekula huanzia ukingoni, anachovya kila tonge kisimani, na hulinda kuta zisibomoke mpaka mwisho.

Nawaona ndugu zangu wa kutoka Nyeri na Murang'a wakitabasamu, na kweli, mukimo wao wa viazi vya kupondwa na mboga na colcannon wangekutana wangesalimiana kama binamu. Huko kaskazini mwa kisiwa wana champ, ambayo haina kabichi, ina vitunguu vya majani tu. Colcannon huliwa hasa usiku wa tarehe 31 Oktoba, na zamani walificha pete na sarafu ndani yake: atakayeikuta pete ataolewa au kuoa kabla mwaka haujaisha, na atakayeikuta sarafu atapata mali. Mkiwa na watoto wadogo, fungeni sarafu kwenye karatasi ya kuokea na muwaambie mapema.

Niende kwenye mkate, ambao ndio nilioushindwa kwa muda mrefu kuliko kitu chochote. Ngano inayoota katika hali ya hewa ya ubaridi na mvua kama hii ni laini, haina nguvu ya kuvutika inayotakiwa na hamira. Magadi ya kuokea yalipofika madukani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, akina mama wa vijijini walikuwa tayari na kitu cha pili kilichohitajika, yaani yale maziwa machachu yanayobaki baada ya siagi kutolewa. Uchachu na magadi vikikutana huchemka papo hapo na kuinua unga. Kwa hiyo gramu 450 za unga, kijiko kimoja cha chai cha magadi kilichosawazishwa, kijiko kimoja cha chumvi, na mililita 350 hadi 400 za maziwa hayo, vinatosha mkate mmoja mkubwa. Usipoyapata, tumia mtindi uliopunguzwa kwa maziwa kidogo.

Kosa langu lilikuwa mikono. Mtu aliyelelewa kwa chapati anaamini kwamba unga usiokandwa haujapikwa, nami niliukanda mkate ule mpaka ukawa laini kama ngozi ya mtoto, ukatoka jikoni mgumu, haupandi, haushuki. Nikarudia, nikaukanda zaidi nikidhani ndiyo dawa. Mkate huu haukandwi. Unapanua vidole kama ukucha wa kuku, unazungusha mara chache mpaka unga ushikamane, unaugeuza kwenye ubao, unausawazisha uwe mduara wa kimo cha vidole vitatu, na moja kwa moja unaingia kwenye oveni, kwa sababu magadi yameshaanza kazi na hayamsubiri mtu. Juu yake hukatwa msalaba wa kina. Wazee husema ni wa kuwatoa majini mkate usilogwe, na wengine huuona ni baraka. Kazi yake nyingine ni kupitisha joto hadi katikati, ambako mkate mnene huchelewa kuiva. Dakika 15 kwa nyuzi 230, kisha dakika 30 kwa nyuzi 200, na ukiugonga chini usikike mtupu kama ngoma ndogo.

Ninachotaka akina mama wa pwani wakisikie ni namna mkate huu ulivyookwa kabla ya oveni. Kulikuwa na chungu cha chuma chenye miguu mitatu na mfuniko ulionyooka, kinachoitwa bastible, kilichowekwa juu ya moto wa udongo mweusi wa kinamasi uliokaushwa, ambao huko vijijini ulichomwa kama kuni, na makaa yake yakapangwa juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini. Nilipoonyeshwa chungu hicho kwa mara ya kwanza nilimwona bibi yangu akipalia makaa juu ya sinia ya mkate wa kumimina, akiyapuliza na kuyasogeza kwa koleo, akisema moto wa juu uzidi wa chini. Wanawake wawili ambao hawakuwahi kusikia habari za kila mmoja walikuwa wakifanya kazi ileile.

Vyakula vingine nitavigusa tu. Coddle ni ya Dublin, chakula cha familia za wafanyakazi, soseji na beconi zilizochemshwa taratibu pamoja na viazi na vitunguu, na kilipikwa hasa Alhamisi ili nyama iliyobaki iishe kabla ya Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki hawakula nyama. Ni chakula cha nguruwe, kwa hiyo si cha kila mtu humu, na sikuona sababu ya kukipika leo. Boxty ni ya Leitrim na Cavan, kiazi kibichi kilichokunwa kikachanganywa na cha kupondwa na kukaangwa kama chapati ya maji. Na wale wanaotamani supu ya utumbo waende hapa mjini kwenye English Market, soko lililofunguliwa mwaka 1788, waulize utumbo wa ng'ombe; watu wa Cork huupika kwa maziwa na vitunguu, na ni mtamu.

Nimebakiza kitu kimoja, nacho kinawahusu zaidi waliotoka Unguja na Pemba. Kwenye miamba ya pwani ya magharibi na kusini mwa kisiwa hiki huota mwani mwekundu ambao wenyeji huuita carraigín, maana yake jiwe dogo. Wakati wa ile njaa watu wa pwani walikula mwani wa kila aina ili waishi. Huu hukaushwa mpaka ukawa rangi ya maziwa ya chai, ukachemshwa katika maziwa, ukawagandishia watoto na wagonjwa chakula laini cha usiku. Kile kinachougandisha kimechukua jina lake duniani kote kutoka kwa neno hilo la Kigaeli, nacho ni karajinani. Na karajinani ndiyo inayotafutwa kwenye mwani ambao wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiupanda kwa kamba baharini tangu mwaka 1989, wakiuanika mchangani na kuuza kwa kilo, ukaenda nje kutiwa kwenye aiskrimu na dawa za meno. Wengi wanaoulima hawajawahi kuambiwa kwamba wapo watu wanaoupika mwani wa ukoo huo nyumbani, kwa sufuria na kijiko, na kumlisha mgonjwa.

Namna yake ni nyepesi. Unaloweka konzi ndogo ya mwani mkavu dakika 10 mpaka ulegee, unautia kwenye mililita 900 za maziwa, unachemsha kwa moto mdogo dakika 20 bila kuacha maziwa yafurike, kisha unachuja kwa kusukuma ule ute upite kwenye chujio. Unatia sukari na yai lililopigwa, unamimina kwenye bakuli, unaacha mahali pa baridi. Wenyewe hutia vanila. Mimi leo nimetia hivyo hivyo, bila iliki, ingawa mkono ulinyoosha kidole kwenye kopo.

Mabakuli yapo kwenye meza ya nyuma, upande wa dirisha, pamoja na sufuria mbili za mchuzi wa kondoo wa halali na mikate minne niliyoioka asubuhi. Karibu na mlango nimeweka mfuko wa mwani mkavu. Kila nyumba ichukue konzi moja, na kina mama wa Paje wachukue mbili, moja ya kupika na moja ya kupeleka nyumbani mkienda likizo. Karibuni chakula kingali cha moto.